Shajara ya Mradi: Sura ya Tatu na Sauti ya VJ

Februari, muhula umeanza

Sura ya tatu ndiyo inayowaliza wengi hapa chuoni. Ya kwanza mtu huiandika kwa hamu, ya pili kwa kukusanya alichosoma, lakini ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, huazimwa kwa aliyetangulia, ikabadilishwa jina la wilaya, ikapelekwa. Nimepitia tasnifu kadhaa kwenye rafu, ya uuguzi, ya biashara na ya filamu, sura ya tatu zao ni mapacha. Mimi nataka siku ya kutetea kazi nikiulizwa kwa nini nimefanya hivi na si vile, niwe na jibu. Ndiyo maana nayaandika maamuzi humu yanavyokuja, hata yale yatakayobadilika wiki ijayo.

Mradi unahusu ma-VJ, wasimulizi wa filamu, na vibanda vya video, kumbi ndogo za kulipia kutazama filamu. Kwa msomaji wa Dar au Nairobi, VJ wa Uganda ni ndugu yao Lufufu na DJ Afro. Anachukua filamu ya Marekani, ya India, ya Korea au ya Nigeria, anaishusha sauti yake, kisha anazungumza juu yake kwa Kiganda: anatafsiri, anafafanua, anatania, anamshauri shujaa asiingie nyumba ile. Wala si filamu za kigeni tu. Zile za Wakaliga, za Nabwana I.G.G., zilizotengenezwa hapahapa Kampala, zimesambaa duniani zikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake. Kwa hiyo anayesema VJ yupo kwa sababu watu hawajui Kiingereza ameeleza nusu tu ya jambo.

Mimi ni wa Busia. Nyumbani tulizungumza Kiswahili na Kisamia. Kiganda nilikiokota kibandani, kwa VJ, kabla sijawahi kufika Kampala. Ninachotaka kujua ni hiki: Uganda ina watu wengi wa Kiswahili, wa mipakani kama sisi, Wakongomani wa Katwe, mtaa wa Kampala, Wanubi wa Bombo. Wanapoketi mbele ya filamu ya Kikorea iliyofunikwa na Kiganda, ni nini hasa kinachotokea?

Machi

Msimamizi amerudisha kurasa zangu za kwanza. Pembeni, kwa kalamu ya kijani, ameandika mara tatu swali lilelile: "Unachambua kitu gani?"

Nilidhani nimeshasema. Nimekaa nalo karibu mwezi mzima, na sasa naona mradi wote unaning'inia hapo. Kuna vitu vitatu tofauti ninavyovichanganya kwa jina moja la "filamu ya VJ".

Cha kwanza ni filamu yenyewe, picha iliyopigwa Seoul au Los Angeles. Nikichagua hiyo, zana zangu ni za uchambuzi wa filamu: mkao wa kamera, uhariri, mwanga, muundo wa hadithi. Zinafundishwa vizuri, zina istilahi zake, na hazimhitaji mtazamaji hata mmoja. Unaweza kuandika tasnifu nzima bila kutoka hosteli.

Cha pili ni sauti ya VJ iliyorekodiwa. Siku hizi ma-VJ wengi hawasimami ukumbini na maikrofoni. Wanarekodi, na kazi yao inauzwa kwenye vibanda vya kujazia flashi. Hapo nyenzo yangu ni faili. Nitainukuu, nitalinganisha aliyosema mwigizaji na aliyosema VJ, nitaangalia ameacha nini na ameongeza nini. Huo ni uchambuzi wa tafsiri na wa usemi.

Cha tatu ni kikao: watu hawa, jioni hii, kwenye benchi hizi, na kelele zao. Hiki hakimo kwenye faili lolote. Kinataka ushuhudiaji, daftari, kurudi tena na tena, na kuzungumza na watu.

Kila kimoja kina sampuli yake, maadili yake, gharama yake na wataalamu wake. Ukiandika "nitatumia mkabala wa kimaelezo" kabla hujaamua kati ya vitu hivi vitatu, hujasema lolote. Nasema hivi kwa sababu vitabu vingi vya mbinu tulivyopewa huanza na falsafa, kisha mkabala, kisha usanifu, kisha sampuli, kama ngazi ya kushuka. Kwa mwanafunzi wa biashara pengine ngazi hiyo inamfikisha. Kwetu sisi wa filamu, mlango ni nyenzo.

Nadharia imepata nafasi yake kwa njia hiyohiyo. Stuart Hall, mtaalamu wa masomo ya utamaduni, kwenye makala yake ya mwaka 1973 kuhusu usimbaji na usimbuaji, yaani jinsi ujumbe unavyotiwa maana na jinsi unavyofasiriwa, alionyesha kuwa mtazamaji anaweza kuupokea ujumbe kama ulivyokusudiwa, akaupokea kwa kujadiliana nao, au akaupinga. Mfano wake ni wa televisheni: upande mmoja kituo, upande mwingine sebule. VJ anasumbua ramani hiyo, maana yeye ni mtazamaji aliyeshika maikrofoni. Amekwisha kusimbua, na papo hapo anasimba upya kwa ajili ya wengine. Hoja hiyo naiona ina nyama, nitairudia kwenye sura ya pili.

Aprili, mbele ya jopo

Pendekezo limesikilizwa. Swali la kwanza kutoka mezani nililitarajia kama mtu anavyotarajia mvua ya Aprili: "Sampuli yako ni wangapi, na umetumia jedwali gani?"

Jedwali ni la Krejcie na Morgan, la mwaka 1970. Hakuna mwanafunzi wa uzamili nchi hii asiyelijua. Una jumla ya watu 100, jedwali linakupa 80, unaandika 80, unaendelea na maisha. Ni jedwali zuri kwa kazi yake, nayo ni kukadiria uwiano katika jumla inayojulikana, kwa uteuzi wa nasibu. Kibanda cha video hakina daftari la mahudhurio. Hakuna orodha ya kuteua kutoka humo, na mimi sikusudii kukadiria asilimia ya kitu chochote.

Nilijibu kwa makala ya Guest, Bunce na Johnson ya mwaka 2006. Walichukua usaili 60 waliofanyiwa wanawake wa Ghana na Nigeria, wakafuatilia ni lini mambo mapya yanakoma kujitokeza, wakakuta usaili 12 wa mwanzo ulikuwa umeshatoa karibu kila kitu cha msingi. Wao wenyewe wanatahadharisha kuwa hilo linategemea kundi linalofanana na swali lililobanwa, kwa hiyo nami sikuifanya 12 kuwa namba takatifu. Nilichoahidi ni kuteua kwa makusudi (wenye vibanda, ma-VJ, watazamaji wa Kiswahili wa Busia na wa Katwe), kuchambua huku nikiendelea kukusanya, na kuonyesha kwa ushahidi mahali nilipoona mambo yanajirudia.

Swali la pili lilikuwa mchoro wa dhana. Uko wapi? Vigeu huru viko wapi, vigeu tegemezi viko wapi? Yaani visanduku na mishale ya kuonyesha kipi kinasababisha kipi. Mwanajopo mmoja, mama mtu mzima ambaye amefundisha sosholojia miaka mingi, ndiye aliyeniokoa: "Mwacheni kijana. Mshale atauchora akishajua nini kinasukuma nini." Wameafikiana nichore mchoro wa washiriki na mahusiano yao, usio na vigeu. Nimeuchora. Una mishale mingi kuliko nilivyopenda.

Mei, maktaba

Nimekaa sehemu ya Africana ya maktaba kuu ya Makerere nikitafuta nani alianza kuongea juu ya filamu huku kwetu.

Kabla ya vibanda kulikuwa na malori. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na jaribio la sinema ya elimu kwa Waafrika lililokuwa na makao Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika, kwa fedha za Carnegie Corporation ya New York. Wasimamizi walikuwa Notcutt na Latham. Walitengeneza filamu 35, wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na maelezo yakiwa yamerekodiwa kwenye santuri kwa lugha mbalimbali ili yachezwe sambamba na picha. Kisha ikaja Colonial Film Unit, iliyoundwa 1939, na magari yake ya sinema vijijini, ambamo mfafanuzi aliyesimama na maikrofoni alikuwa mtu wa lazima.

Unaona jaribu lililopo hapa. Ni rahisi mno kuandika kwamba VJ ni mjukuu wa mfafanuzi wa gari la serikali, ukapata sura nzuri ya historia. Kufanana si ukoo. Ili niseme mmoja ametokana na mwingine ningehitaji ushahidi wa watu au wa mazoea yaliyopokezanwa, na huo ni utafiti mwingine. Nimeamua historia hii iwe kurasa chache za usuli: sauti ya mtu hai juu ya picha si jambo geni katika nchi hii, na wakoloni walijua kwamba anayeshika maikrofoni ndiye anayeshika maana. Basi.

Nyaraka zina somo jingine. Kwenye UBC, Shirika la Utangazaji la Uganda, mrithi wa redio na televisheni ya taifa, zilihifadhiwa negativu zipatazo 70,000 za wapigapicha wa serikali, zikiwamo za enzi ya Amin. Kazi ya kuziweka kidijitali ilianza 2018 na maonyesho yakafanyika Jumba la Makumbusho la Uganda mwaka 2019. Ni hazina. Lakini hazina ya serikali inakuonyesha serikali ilivyotaka kuonekana. Mtu aliyelipa senti zake kuingia sinema ya Norman, jengo ambalo leo ni kanisa katikati ya jiji, hakuacha karatasi. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuchagua kikao badala ya nyaraka: nikimngoja mtazamaji wa kawaida aingie kwenye kumbukumbu, nitangoja sana.

Juni, Katwe

Kibali cha maadili bado, kwa hiyo nimeingia kibandani kama mlipa kiingilio mwingine yeyote. Hakuna kinasa sauti, hakuna usaili, na ninayoyaandika hapa hayataingia kwenye tasnifu. Nilitaka tu kujua kama mbinu ninayoiandika inaweza kufanyika na binadamu aliyeketi.

Pazia zito mlangoni, benchi za mbao zisizo na egemeo, televisheni bapa juu, spika mbili zinazotetemesha mbavu. Nje kuna ubao mweusi wenye majina ya filamu kwa chaki, na jina la VJ limeandikwa kubwa kuliko la filamu. Filamu ni ya Kikorea, ya kisasi. VJ hasemi muda wote. Mapigano yakianza ananyamaza kabisa, anaziachia ngumi zizungumze. Wazee wawili wakikaa kwenye gari wakinong'ona, ndipo anaingia: anatueleza kuwa wanaelekea Kololo kwa tajiri, na kwamba yule wa kushoto ana deni la watu. Kololo, kilima cha matajiri wa Kampala! Ukumbi mzima ukacheka, ukaelewa tajiri ni wa namna gani.

Mbele yangu walikaa vijana wawili. Mmoja alikuwa akimwinamia mwenzake kila baada ya muda: "Anasema huyo mzee ndiye aliyemuua baba yake." Kiswahili cha Kongo, cha Kivu kwa lafudhi yake. Yaani tafsiri juu ya tafsiri: Kikorea kimeingia Kiganda kwa VJ, Kiganda kimeingia Kiswahili kwenye benchi, kwa sikio la mtu mmoja. Na yule kijana hakutafsiri kila kitu. Utani wa Kololo aliuruka. Alichopitisha ni ukoo na kisasi: nani ni nani, na nani anamdai nani damu.

Nilitoka na swali la utafiti likiwa limekaa sawa, fupi kuliko yote niliyowahi kuandika: katika kibanda, nani anamtafsiria nani, wakati gani, na anaacha nini?

Swali linaleta ugumu wake. Mnong'ono hausikiki kwenye kinasa sauti penye spika za namna ile, na hata ungesikika, kuunasa ni kuingilia faragha ya watu. Nimepata njia ya kuuzunguka. VJ ana mwito wake wa kufungulia filamu. Hapohapo nabonyeza saa ya kuhesabu kwenye simu. Kisha kwenye karatasi yenye safu nne naandika dakika ya filamu, nani kamgeukia nani, ukumbi umefanya nini, na mimi nimeelewa nini. Baadaye, kwa aliyekubali kushiriki, namwonyesha vipande vilevile kwenye kompyuta na kumuuliza: hapa ulimwambia nini rafiki yako? Kumbukumbu yake haitakuwa kamili, lakini itakuwa imeshikwa na picha iliyo mbele yake, na hiyo ni bora mara nyingi kuliko "je, huwa unawatafsiria wengine?"

Kuna la lugha yangu pia. Kiswahili kiliwekwa kwenye Katiba kama lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe shuleni kwa lazima. Kwenye karatasi mambo safi. Kwenye mtaa wa Kampala, mtu mzima akisikia unamwanza kwa Kiswahili, anakutazama viatu kwanza. Kwa wengi wa rika lake hii ni lugha ya askari, na miaka ya sabini, ya Amin, hawajaisahau. Mwenye kibanda aliniuliza kama natoka Kenya au natoka kambi ya wakimbizi. Hilo haliwi tanbihi. Linaingia kwenye kipengele cha nafasi ya mtafiti, pamoja na uamuzi: mtu ataanza yeye kuchagua lugha ya usaili, mimi nafuata.

Julai, fomu

Utaratibu, kwa atakayepita njia hii: unaanza na kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa, ukishapata kibali chake unasajili utafiti kwa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, kupitia mfumo wao wa mtandaoni. Fomu za ridhaa ziwe kwa lugha za washiriki. Zangu ni za Kiganda, Kiswahili na Kiingereza. Ukitaka kufanya kazi kwenye makazi ya wakimbizi, unahitaji pia ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Nilikuwa na hamu ya Nakivale, nimeiacha. Muda wa uzamili hautoshi. Katwe na Busia zinatosha.

Watoto wanaingia vibandani, hasa mchana. Aliye chini ya miaka 18 anahitaji ridhaa ya mzazi, na yeye mwenyewe aafiki. Nimechagua vikao vya usiku, watu wazima tu, na karatasi yangu ya safu nne haitamwandika mtoto hata akiwepo.

Kilichonichukua muda ni majina. Fomu ya kawaida inaahidi kuficha jina la kila mshiriki. Nikaenda kuionyesha rasimu kwa VJ mmoja mkongwe, nimsikie. Alisoma hadi mwisho, akaikunja.

"Mwanangu, jina langu liko kwenye kila flashi mjini. Wewe unataka kuniita Mshiriki wa Tatu?"

"Ni kwa usalama wako, mzee."

"Usalama wa nani? Miaka yote hii natafuta watu walijue."

Ana haki. Yeye ni msanii, na kuchambua kazi yake bila kumtaja ni kumnyang'anya. Upande wa pili, kuna Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006, na filamu anazozisemea hazina kibali cha waliozitengeneza. Mwenye kibanda naye yuko chini ya sheria ya mawasiliano ya 2013 inayotaka maonyesho ya filamu yawe na leseni. Ukimjia na daftari anadhani wewe ni wa kodi, au wa leseni, au wa jiji. Yeye hataki jina lake popote, na sitaki liwepo.

Kwa hiyo fomu sasa ina matabaka. Kazi ambayo VJ ameitoa hadharani kwa jina lake itatajwa kwa jina hilo, kama tunavyomtaja mwongozaji. Aliyoniambia kwenye usaili atachagua mwenyewe, kipengele kwa kipengele, baada ya kusoma nukuu zake: kwa jina au bila jina. Wenye vibanda na watazamaji wanafichwa wote, na mtaa utatajwa kwa upana wake. Rekodi zinalindwa kwa mujibu wa sheria ya ulinzi wa data ya 2019: zimefungwa kwa nywila, na orodha ya majina inakaa mbali nazo. Kamati imeuliza maswali mawili kuhusu VJ na haijaona tatizo la kimsingi.

Agosti, majaribio ya uchambuzi

Nimenunua filamu ya VJ kwenye flashi, nimeiweka kwenye ELAN, programu ya bure ya Taasisi ya Max Planck ya Nijmegen iliyotengenezewa watu wa isimu. Uzuri wake ni mistari inayokwenda sambamba chini ya picha. Mimi nina mitatu: filamu inasema nini, VJ anasema nini, ukumbi unafanya nini, huo wa mwisho utajazwa kutoka kwenye karatasi zangu kwa kufuata dakika.

Hata kwa mistari miwili tu umbo linaonekana kwa macho. Mwigizaji anatamka maneno mawili, VJ anaongea mpaka picha mbili mbele. Halafu kuna pengo refu, tupu, filamu ikizungumza peke yake, na pengo hilo limepangwa: linakuja pale sura ya mwigizaji inapojitosheleza. Ukisoma unukuzi kwenye karatasi hulioni. Ukimya wa VJ lazima upewe msimbo wake, yaani alama ya uchambuzi, sawa na maneno yake.

Kwa uchambuzi wa dhamira nafuata hatua sita za Braun na Clarke za mwaka 2006, ingawa hatua huandikwa sita na kutembewa kama njia ya mbuzi. Nilichokataa ni kuipa programu iniundie misimbo. Kiganda chenye Kiingereza cha mtaani na jina la soko la Owino katikati yake hakijakaa sawa kwenye mashine hizo.

Unukuzi unakula muda kupita maelezo. Mwenzangu anayejua Kiganda cha nyumbani, si cha kuokota kama changu, amekubali kupitia sehemu ya unukuzi na kuniwekea alama kila nilipoelewa kiujanjaujanja. Amelipwa kwa roleksi (chapati iliyokunjiwa mayai) na soda, na kwenye bajeti rasmi ameandikwa kama msaidizi wa utafiti.

Septemba

Sura ya tatu iko kwa msimamizi. Safari hii kalamu ya kijani imeuliza jambo moja tu: kama yule anayetafsiria benchini ni mmoja kila mara au hupokezana. Sijui, na nimefurahi kuulizwa, maana ni swali ambalo karatasi ya safu nne inaweza kulijibu. Nimeongeza safu ya tano.

Barua ya kamati imekuja, usajili wa UNCST unashughulikiwa. Naanza na Busia kwa kuwa huko filamu za Kiswahili kutoka upande wa Kenya zinauzwa meza moja na za Kiganda, na mtazamaji anaweza kuchagua. Nataka kumuuliza yule anayeziacha za Kiswahili, akijua Kiswahili, akanunua za Kiganda.